Nyumba ya Mawe Ikigeuzwa Gesti: Mambo ya Kujua Kutoka Lamu

Kuna wazo moja ambalo huzuka mara kwa mara katika mikutano ya vikundi, hasa vile vya pwani, na hata vya bara vilivyo na akiba kidogo benki. Mtu husimama na kusema: kuna nyumba ya zamani karibu na bahari, haina mtu, tuichukue, tuipake rangi, tutie vitanda, tupike chai ya asubuhi, na wageni watakuja wenyewe. Wanachama hupiga makofi. Mweka hazina huanza kuhesabu vyumba na kuzidisha kwa siku 30.

Wazo hilo sio baya. Lakini kabla kikundi hakijatoa hata shilingi moja, tumeonelea ni vizuri tutazame mahali ambapo kazi hii imefanywa kwa miaka mingi. Mahali penyewe ni mji wa kale wa Lamu. Huko, tangu watalii walipoanza kumiminika miaka ya 1970, nyumba nyingi za mawe zilizojengwa na mababu zimegeuzwa kuwa gesti. Zingine zimewainua wenyewe. Zingine zimewatoa wenyewe ndani ya mji wao. Tofauti ya hizo mbili ndiyo tunayotaka kueleza hapa, kwa sababu haikuja kwa bahati.

Kwanza tuelewane juu ya neno. Gesti tunayosema sio lojing'i ya karibu na stendi, ambapo mtu hulipa, hulala, na kuondoka alfajiri. Ni nyumba ya watu, yenye vyumba vitatu au vinne au sita, ambapo mgeni hupewa kitanda usiku na kifungua kinywa asubuhi. Chakula cha mchana na cha jioni anajitafutia mwenyewe mjini. Anachonunua mgeni huyo sio godoro tu. Godoro lipo kila mahali. Analipa ili alale katika nyumba ambayo hawezi kuipata kwao.

Nyumba yenyewe imejengwaje

Nyumba kongwe za mawe zilizosimama Lamu hadi leo nyingi ni za karne ya 18, yaani zilikuwepo hata kabla ya ile ngome kubwa ya mjini, iliyoanza kujengwa mwaka 1813 na kumalizika 1821. Kuta ni za mawe ya matumbawe, yale yanayotoka baharini na yale yanayochimbwa nchi kavu, hasa kisiwani Manda ng'ambo ya mlango wa bahari. Mawe hayo yameshikanishwa kwa chokaa. Kuta ni nene, karibu urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, na ndio sababu ndani kuna baridi hata jua likiwa kali mchana.

Dari limeshikiliwa na boriti za mikoko. Hapa kuna jambo ambalo wageni wengi hulishangaa: vyumba vya nyumba hizi ni virefu lakini ni vyembamba. Sio kwamba wazee walipenda kujibana. Boriti ya mkoko inayoweza kubeba dari zito la mawe na chokaa haina urefu mkubwa, kwa hiyo upana wa chumba hauzidi sana mita 2 na nusu. Mti ndio uliochora ramani ya nyumba. Mwenye gesti anayetaka kuunganisha vyumba viwili kuwa kimoja kipana, abomoe ukuta wa katikati, anaondoa kile ambacho dari limelalia.

Ukiingia kutoka njiani unapita daka, yaani kibaraza cha mlangoni chenye viti vya mawe pande mbili, ambapo wanaume hukaa kuzungumza. Halafu unapinda. Mlango haukupeleki moja kwa moja ndani, maana mtu wa njiani hatakiwi kuona nyumba ya watu. Ukipinda ndipo unatokea kiwandani, uwanja mdogo ulio wazi juu, unaoleta hewa na mwanga. Kutoka kiwandani unaingia misana, moja nyuma ya nyingine, ya kwanza wakiita msana wa tini na ya pili msana wa yuu, kwa Kiswahili cha huko. Nyuma kabisa kuna chumba cha ndani, ambacho ukuta wake umejaa zidaka, vile vishimo vya ukutani vilivyopambwa kwa lipu ya chokaa, ambamo waliweka vyombo vya thamani.

Na kuna chumba kimoja zaidi ambacho tungependa kila mwanakikundi akikumbuke. Kinaitwa sabule. Hicho kilikuwa chumba cha mgeni. Wafanyabiashara walikuja na majahazi kwa pepo za kaskazi, kutoka Uarabuni na Ghuba na Bara Hindi, na hawakuweza kurudi mpaka upepo ugeuke kuwa kusi. Ilikuwa ni miezi. Mwenyeji alimpa mfanyabiashara wake sabule akae humo, karibu na mlango au ghorofani, bila kupita katikati ya familia. Kwa hiyo mtu akisema gesti ni mambo ya kizungu yaliyoletwa juzi, mwambieni nyumba ya Lamu ilikuwa na nafasi ya mgeni tangu ilipochorwa. Kilichobadilika ni kwamba zamani mgeni alikuwa katika chumba kimoja na mwenyeji katika vyote vilivyobaki. Siku hizi mara nyingi imekuwa kinyume, na nyumba zingine mwenyeji hayumo kabisa.

Chokaa na simiti

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, na hupotea polepole bila mtu kugundua. Kwa hiyo tutakaa hapa kidogo.

Ukuta wa matumbawe huvuta unyevu kutoka ardhini, kama utambi wa taa unavyovuta mafuta. Karibu na bahari unyevu huo una chumvi. Lipu ya chokaa ni laini na ina vinyweleo. Unyevu ukifika juu ya ukuta hutoka nje na kukauka. Chumvi kidogo hubaki juu ya lipu, unaipangusa kwa ufagio, na baada ya miaka kadhaa lipu hutengenezwa upya pale ilipochakaa. Ukuta wenyewe unabaki salama. Ndiyo kazi ya ile lipu: inachakaa ili jiwe lisichakae.

Sasa anakuja fundi wa haraka na mifuko ya simiti. Anapiga lipu ya simiti, inapendeza, ni ngumu, inang'aa. Unyevu ukija haupati pa kutokea. Unapanda juu zaidi ndani ya ukuta. Chumvi inajikusanya nyuma ya ile simiti mpaka siku moja inabanduka bamba zima, na inapoanguka inaondoka na uso wa jiwe. Mbaya zaidi, unyevu ukifika juu unakutana na vichwa vya boriti vilivyozikwa ukutani. Boriti huanza kuoza mahali ambapo hakuna mtu anayeona. Dari linashuka kwa mwaka wa tano au wa kumi, na watu wanasema nyumba ilikuwa kuukuu. Nyumba ilikuwa imesimama miaka 200 kabla ya simiti.

Wengine huondoa dari la boriti na kumwaga zege lenye nondo. Zege ni zito kwa kuta zile. Tena mchanga wa ufukweni ukitumiwa una chumvi, nondo zinapata kutu, kutu inavimba, na zege linapasuka kutoka ndani. Mmeona majengo ya namna hiyo pwani nzima, si Lamu peke yake.

Chokaa hutengenezwaje? Mafundi hupanga magogo kwa duara, wakapakia mawe ya matumbawe juu yake, wakachoma. Mawe yaliyoiva huwa meupe, na yakipata maji hupasuka na kuwa unga. Unga huo haukimbiliwi. Huachwa na unyevunyevu kwa miezi, na kadiri unavyokaa ndivyo unavyokuwa laini na mzuri. Mwenye haraka ya kufungua gesti kabla ya Desemba hapendi kusikia habari hii. Basi apange mapema, maana fundi mzuri wa chokaa hawezi kuharakishwa, na siku hizi sio wengi waliobaki. Tunafikiri kikundi cha vijana kinachotafuta kazi kingefaidika kujifunza ufundi huu kuliko kufungua duka la kumi na moja la kuuza soda katika njia moja.

Boriti nazo zina mambo yake. Mwaka 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, na mikoko ikawa ndani ya katazo hilo. Wakataji wa Lamu waliumia sana, na waliokuwa katikati ya ukarabati wakakwama na nyumba zisizo na dari. Kwa hiyo kabla ya kufungua dari lolote, ulizeni kwanza idara ya misitu juu ya kibali, muone boriti kwa macho, ndipo mfungue.

Tena msisahau kwamba mji wa kale wa Lamu uliwekwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Makumbusho ya Taifa wana ofisi mjini, na sheria ya mwaka 2006 juu ya makumbusho na urithi inawapa nguvu. Mtu hawezi kujiamulia tu kuongeza ghorofa au kubomoa ukuta wa mbele. Wenye nyumba wengine hulalamika kwamba sheria hii inawachelewesha, na ni kweli inachelewesha. Lakini fikirieni: gesti kumi zikibomoa zidaka na kuweka vigae vya bafuni ukutani, ya kumi na moja itauza nini?

Maji, na choo cha kila chumba

Mgeni wa siku hizi anataka choo na bafu ndani ya chumba chake. Nyumba ya zamani ilikuwa na choo kimoja au viwili, vimewekwa upande wa nyuma, na maji yalikuwa katika birika la mawe lililojengwa pembeni. Ndani ya birika waliweka samaki wadogo wa kula mabuu ya mbu, na chini wakaweka bakuli ili maji yakipungua samaki wapate mahali pa kukaa. Ni elimu ya afya iliyotangulia mabango ya malaria kwa miaka mingi sana.

Ukiweka bafu tano mahali palipokuwa na moja, una matatizo mawili. La kwanza ni bomba. Bomba likichimbiwa ndani ya ukuta wa matumbawe na likavuja, hutajua mpaka ukuta umelowa wote. Ni bora bafu zijengwe moja juu ya nyingine, upande ule ule wa choo cha zamani, na bomba lipite nje ya ukuta lionekane. Halipendezi sana, lakini likivuja hata mtoto atakuja kukuambia.

Tatizo la pili ni shimo na kisima. Katika mji uliobanana, shimo la choo chako liko hatua chache kutoka kisima cha jirani. Gesti yenye wageni kumi humwaga maji machafu kuliko familia ya watu kumi, maana mgeni huoga mara mbili tatu kwa siku na shuka zake hufuliwa kila mara. Maji matamu ya Lamu yenyewe hutegemea sana vile vilima vya mchanga vya Shela, vinavyopokea mvua na kuihifadhi chini. Yakivutwa kupita kiasi maji ya bahari huingia mahali pake. Hilo sio la Lamu tu. Kikundi chochote cha mwambao kinachopanga gesti kimuite afisa wa afya apime umbali wa shimo na kisima kabla, sio baada. Leseni ya afya mtaitafuta vyovyote vile.

Hesabu ya vyumba vitano

Sasa turudi kwa mweka hazina wetu aliyezidisha vyumba kwa siku 30. Tumefanya hesabu ya mfano. Bei ni za kutungwa, kila kikundi kiweke zake, lakini njia ya kuhesabu ni hiyo hiyo.

Tuseme gesti ina vyumba 5, na chumba ni shilingi 2,500 kwa usiku pamoja na kifungua kinywa. Mwaka mzima una usiku 365, kwa hiyo mna vyumba 1,825 vya kuuza kwa mwaka. Hakuna gesti ya Lamu inayojaa mwaka mzima. Wageni huja Desemba mpaka Machi, na tena Julai na Agosti. Mwezi wa Aprili mpaka Juni kuna mvua na bahari imechafuka, na wengine hufunga milango kabisa. Tuseme mmeuza theluthi moja, karibu mara 600. Mmepata shilingi 1,500,000. Mkutanoni hapo watu watapiga makofi tena.

Ngojeni. Kifungua kinywa cha watu wawili, shilingi 400 mara 600, ni 240,000. Wafanyakazi watatu kwa 16,000 kila mwezi ni 576,000. Maji na stima, 12,000 kwa mwezi, ni 144,000. Nusu ya wageni wamekuja kupitia kwa mawakala au kampuni za kwenye intaneti, ambazo tuseme zinachukua asilimia 15: hapo zimeondoka 112,500. Sabuni, shuka na vyandarua 70,000. Leseni na ada mbalimbali 50,000. Kisha nyumba yenyewe: tuweke kando 150,000 za chokaa, boriti na rangi, na nyumba kongwe haikubali chini ya hapo. Jumla ya matumizi ni 1,342,500. Kimebaki 157,500. Kikundi kina watu 25. Kila mmoja anapata shilingi 6,300 kwa mwaka, yaani 525 kwa mwezi. Na hapo hatujalipa kodi ya nyumba wala deni la kuitengeneza.

Wageni wakipungua, mkauza mara 360 tu, mtaingiza 900,000. Kifungua kinywa kitapungua, na mawakala watachukua kidogo, lakini mishahara, stima na leseni ziko pale pale. Hata kabla ya kununua mfuko mmoja wa chokaa mtakuwa mmepoteza shilingi 151,500.

Wageni kupungua sio jambo la kufikirika. Mwezi wa Septemba na Oktoba mwaka 2011 wageni walitekwa nyara Kiwayu na Manda, na serikali za nje zikawaonya watu wao wasiende Lamu. Juni 2014 Mpeketoni ilishambuliwa, watu zaidi ya 60 wakauawa, na baadaye kukawekwa amri ya kutotoka nje usiku. Mwaka 2020 ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa tangu mwisho wa Machi mpaka Agosti kwa sababu ya korona. Mara zote hizo hakuna mwenye gesti wa Lamu aliyekosea chochote. Alilala ana wageni, akaamka hana. Waliovuka salama ni wale ambao gesti ilikuwa mkono mmoja tu wa kujipatia riziki, na mkono mwingine ulikuwa kwenye mashua, shamba, duka au mshahara. Tena ni wale ambao nyumba ilikuwa yao na hawakuwa na kodi ya kulipa. Waliokuwa na mkopo wa benki juu ya nyumba ndio waliotafuta mnunuzi.

Ndiyo maana hatupendekezi kabisa kikundi kidogo kikope kwa kuweka nyumba ya mtu rehani ili kifungue gesti. Mradi wa kuku ukifa umepoteza kuku.

Kuuza, au kukodisha?

Nyumba kubwa ya Lamu haina mwenyewe mmoja. Zamani baba aliwapa binti zake mahali pa kuishi wakiolewa, mara nyingi kwa kujenga ghorofa juu, au nyumba ya jirani iliyounganishwa na ya kwao kwa wikio, yaani chumba kinachopita juu ya njia kama daraja. Baada ya vizazi vitatu vinne, warithi ni wengi, wengine wako Mombasa, wengine wako Nairobi au Uarabuni. Dari linavuja na hakuna anayetaka kulipa peke yake. Hapo ndipo anatokea mtu mwenye pesa taslimu.

Tusimlaumu anayeuza. Ana karo za shule na mgonjwa hospitalini. Lakini aelewe anachouza. Nyumba nyingi za mtaa wa Mkomani, penye majumba makubwa ya mawe, zimepita mikononi mwa watu kutoka nje kwa njia hii, na wenyewe wakahamia pembezoni mwa mji, kwenye vyumba vya mabati vyenye joto. Mtoto wao hurudi katika nyumba ile ile akiwa mfagiaji. Tena pesa za nyumba zikigawanywa kwa warithi kumi na wawili, kila mmoja hupata kitu cha kununua pikipiki.

Iko njia nyingine, nayo ni kukodisha kwa masharti ya ukarabati. Mwenye pesa anatengeneza nyumba kwa gharama zake, anaitumia kwa miaka mliyokubaliana, kisha nyumba inarudi kwa familia ikiwa nzima. Katiba ya mwaka 2010 inasema mtu asiye raia hawezi kumiliki ardhi Kenya isipokuwa kwa kukodi, na kwa muda usiozidi miaka 99. Wengine husikia hiyo 99 wakafikiri ndio muda wa kawaida. Sio lazima. Hiyo ni mpaka wa mwisho. Mnaweza kukubaliana miaka 10 au 15. Miaka 99 ni sawa na kuuza, maana mtoto aliyezaliwa leo hatakuwepo kuifungua.

Mkataba uandikwe na wakili na usajiliwe katika ofisi ya ardhi. Useme nani anatengeneza nini, na useme wazi kwamba ni kwa chokaa na boriti, sio simiti na zege. Useme milango ya kuchongwa na zidaka haziondolewi, maana milango ya Lamu imewahi kung'olewa na kuuzwa mbali. Kodi ipande kila baada ya miaka fulani. Familia ibaki na chumba, hata kama ni kimoja, sherehe au msiba ukitokea wawe na mahali pa kuingia kwao. Warithi wote watie sahihi, wanawake pia, na mume asitie sahihi ya nyumba wanamoishi bila idhini ya mkewe. Familia za Kiislamu zimalize kwanza mambo ya mirathi kwa kadhi. Tumeona mikataba mizuri ikivunjika kwa sababu ya dada mmoja aliyesahauliwa, na haki ilikuwa yake.

Jirani, na mahamri ya asubuhi

Juu ya paa la gesti mara nyingi kuna kibanda cha makuti ambapo mgeni hupunga upepo akitazama bahari. Lakini kutoka hapo anaona pia viwanja vya ndani na mapaa ya majirani, ambapo kina mama hupika na kuanika nguo bila buibui. Wazee waliojenga walichunga sana jambo hili. Dirisha halikufunguliwa kuelekea kwa jirani. Gesti zenye busara huweka ukuta mfupi au jamvi upande wa jirani, na humwambia mgeni tangu siku ya kwanza habari ya mavazi, pombe, na kelele wakati wa sala. Wageni wengi hawakasiriki. Hukasirika wanapoambiwa baada ya kukosea.

Lakini kuna jambo linalofaa vikundi vya kina mama kuliko yote tuliyosema. Kikundi hakihitaji kumiliki nyumba ili kile katika biashara hii. Rudini kwenye hesabu yetu: zile shilingi 240,000 za kifungua kinywa na sehemu ya zile 70,000 za shuka na sabuni zinakwenda kwa nani? Kama mwenye gesti ananunua mkate wa dukani na jemu ya kopo, zinatoka nje ya mji. Kama anaagiza mahamri, mbaazi za nazi, viazi vya karai, mayai, maembe na mapapai kutoka kwa kikundi cha karibu, zinabaki. Kikundi chenye gesti sita za kuhudumia hakijali sana moja ikifunga. Mtaji wake ni karai, jiko, unga na kuamka saa kumi ya usiku. Hali kadhalika kufua shuka, kusuka makuti, kushona mapazia na vyandarua, kuchukua mizigo kwa punda.

Mnachohitaji ni kutegemewa. Mahamri yakichelewa siku moja mwenye gesti atanunua mkate, na akizoea mkate hatarudi. Andikeni mkataba hata wa ukurasa mmoja: idadi, bei, siku ya kulipwa. Wenye gesti wengine hupenda kulipa "msimu ukiisha", na msimu una tabia ya kutoisha. Ombeni kulipwa kila wiki.

Kikundi kinachotaka kuona kazi hii kwa macho kinaweza kusafiri kwa basi kutoka Mombasa kupitia Malindi, Garsen na Witu mpaka Mokowe, kisha kuvuka kwa mashua. Kabla ya safari ulizeni kwanza hali ya usalama wa barabara. Mkifika, anzeni kwenye nyumba ya Kiswahili inayotunzwa na Makumbusho, muone jinsi ilivyokuwa kabla ya vitanda vya kukodisha. Tena nendeni mwezi wa Mei au Juni, wakati vyumba viko vitupu, bei iko chini, mafundi wako juu ya ngazi, na wenye gesti wana nafasi ya kuwafungulia madaftari yao.